Nywele Zisizong'aa

Mwezi uliopita tulikutana wote watatu Bunda, nyumbani kwa mdogo wangu Pendo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoka. Mdogo wangu wa kiume, Magesa, alikuja na samaki, sato wawili wakubwa kutoka mwaloni kwa wavuvi, Pendo akawapika kwa nyanya nyingi na ndimu, tukala kwa mikono kwenye sinia moja kama zamani, ingawa nyumba yake ina meza ya watu sita. Tulipokuwa tunanawa, binti wa kwanza wa Pendo, aliyeko chuo, akatoka chumbani na wigi la dredi aliloliagiza kwa simu. "Mama mkubwa, wewe ndiye fundi," akasema. "Hapa nimepigwa au nimepata?" Nililishika kabla ya kuliangalia, kama nilivyozoea, nikalisugua kati ya vidole viwili, halafu nikatoka nalo mpaka barazani kwenye jua. Liling'aa kama mgongo wa mende. "Ni zuri," nikamwambia, "ila kila atakayekuona atajua ni wigi." Akacheka. "Mama mkubwa, siku hizi nani anajali?" Magesa, aliyekuwa anachokonoa meno, akasimamisha mkono. Akanitazama, akamtazama Pendo. "Nani anajali," akarudia polepole, na sisi watatu tukaanza kucheka mpaka Pendo akakaa chini kwenye ngazi. Mtoto alituangalia kama watu waliorogwa. Nikamwahidi kwamba nitamwandikia, maana nikianza kulisimulia jambo hili kwa mdomo ndugu zangu wananikatiza, kila mmoja na lake.

Mwaka ninaousimulia tulikuwa tumebaki sisi watatu tu, baba na mama wameshafariki, katika chumba kimoja cha kupanga Mwisenge, pale Musoma. Mimi nilikuwa nimeacha shule nikiwa kidato cha pili. Magesa alikuwa darasa la sita, Pendo la tatu. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama ua wa jirani aliyeanika dagaa, kwa hiyo kila kitu chetu, mashuka, madaftari, hata sabuni, kilinuka dagaa, na mpaka leo nikipita mahali walipoanikwa juani nahisi nimefika nyumbani. Kitanda kilikuwa kimoja. Pendo alilala upande wa ukutani, mimi upande wa nje, na Magesa alilala chini kwenye mkeka akidai kwamba wanaume ndivyo wanavyolala. Asubuhi tulikunywa uji wa mtama. Mchana walikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, niliyowachemshia na kuwafungia kwenye kitambaa, na jioni ugali wa muhogo kwa chochote kilichopatikana ziwani. Watu huniuliza kama tulipata shida. Tulipata, lakini sizikumbuki sana shida zenyewe. Ninachokumbuka ni kuamka alfajiri na kusikiliza pumzi zao, moja kitandani na nyingine chini, nikiogopa kusogea nisije nikaziamsha, na nikifikiri kwamba maadamu nazisikia zote mbili sijashindwa bado.

Nilifanya kazi saluni kwa Mama Zuhura, chumba chenye vioo viwili na benchi moja, si mbali na tulipokaa. Mama Zuhura alikuwa Mwislamu, mnene, mwenye sauti ya chini, binti wa fundi cherehani aliyehamia Musoma kutoka Tabora. Alikunywa kahawa bila sukari na kuwaita wateja wote "mwanangu", hata waliomzidi umri. Hakuniruhusu kusuka. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kuchemsha maji kwenye jiko la mkaa, na kuchambua rasta, yaani zile nywele za bandia za kusukia, ambazo lazima zivutwevutwe kwanza ili ncha zisiwe zimekatika sawasawa kama ufagio. Nilichambua mafungu mengi mpaka vidole vyangu vikawa vinajua mambo ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimeyawaza. Kuna rasta zilizolia zikisuguliwa kama mfuko wa nailoni. Kuna zilizoteleza kama samaki kamongo. Kuna zilizokunjamana na kushikana zenyewe kwa zenyewe, na hizo tulizichukia, kwa sababu zilichelewesha kazi. Wanawake walikaa kwenye benchi wakaongea kama vile sipo: nani kafumaniwa, nani kaokoka, mume wa nani kaenda mgodini na hajarudi. Nilikuwa najua siri za nusu ya Mwisenge na sikuwa na mtu wa kumwambia isipokuwa Pendo, ambaye hakuwa na habari nazo.

Masika yalipokuwa yanaishia, Babu, baba yake baba, alifariki Butiama. Kwetu mtu mzima akizikwa, siku ya kunyoa ikifika, watoto na wajukuu wake wote hunyolewa. Hakuna mkubwa wala mdogo. Wanaume walinyolewa mbele ya nyumba, sisi tukanyolewa nyuma, kwenye majabali, na bibi mmoja mwenye wembe na kopo la maji. Mimi na Pendo tulikuwa na nywele fupi, haikuchukua muda. Lakini Shangazi Wegesa, binti pekee wa Babu, alikuwa na dredi alizozifuga tangu mimi sijaanza shule, zilizomfika katikati ya mgongo. Pale sokoni Bunda alipouza mchele na maharage walimwitaga Mama Dredi. Kila likizo ya utoto wangu nilikaa nyuma yake kwenye kigoda nikimsokotea mizizi kwa vidole, naye akinihadithia mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. Siku ile alikaa juu ya jiwe, akainamisha kichwa. Zilipokwisha zote ndipo nikaona kile ambacho miaka yote sikukiona hata nikiwa nyuma yake: juu ya sikio la kushoto palikuwa na sehemu pana kama kiganja, pasipoota kitu, ngozi nyororo kama ya ndani ya kidole. Ilikuwa alama ya uji wa moto uliommwagikia akiwa mtoto. Dredi za pembeni alikuwa akizilaza juu yake. Akaomba kitenge haraka kabla wanaume hawajapita, akafunga kilemba, na nywele zake zikafukiwa pamoja na zetu.

Jioni hiyo nilikuwa naosha sufuria nyuma ya ukuta wa jiko nikasikia sauti ya Baba mdogo Wambura, mdogo wake baba, aliyekuwa na ng'ombe wengi Mugeta na ambaye sasa ndiye aliyebaki kuwa mkubwa wa ukoo. "Yule Magesa ni kijana wa ng'ombe kabisa," alikuwa anawaambia wenzake. "Anaozea Musoma pale." Mtu akauliza, "Na kale kasichana?" Akajibu, "Kaende Guta kwa shemeji yangu, wanatafuta mtu wa kushika mtoto." "Na mkubwa wao?" "Mkubwa yuko saluni." Wakacheka. "Sasa msichana wa saluni atamlea nani? Anafagia nywele za watu. Kesho keshokutwa kaolewa, hawa wengine tutawaokota njiani." Hakuwa na ubaya moyoni, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu mbaya unaweza kumpinga, lakini yeye alikuwa akipanga mambo yetu kama anavyopanga malisho, kwa nia njema na bila kutuuliza. Kabla ya watu kutawanyika akatangaza kwamba baada ya mavuno tutakutana tena kumaliza tanga la Babu, na siku hiyo shauri la watoto litakatwa. Shangazi Wegesa akanibana mkono. "Siku hiyo nitasema mimi," akaninong'oneza. "Binti wa marehemu ana neno lake, hata Wambura analijua hilo. Ila unipe kitu cha kusema. Siwezi kuwaambia unafagia vizuri."

Mavuno hayakuwa mbali. Niliporudi Musoma nilimwomba Mama Zuhura anifundishe kusuka, akasema, "Subiri, mwanangu," nami nikasubiri huku kila siku nikiona mahindi ya watu yanavyokauka mashambani. Ndipo asubuhi moja Shangazi akatokea mlangoni pa saluni, kilemba mpaka kwenye nyusi. Hakukaa hata. "Mkami, mimi siwezi," akasema. "Upepo ukivuma pale sokoni nashika kichwa kama mtu anayeibiwa. Wateja wanauliza, Mama Dredi umeokoka? Nitengenezee wigi. Lakini si wigi la harusi. Nataka nywele zangu." Mama Zuhura akashusha kikombe. "Nani, huyu? Huyu hajasuka hata mkia wa panya." Shangazi akamjibu kwamba nimezisokota dredi zake tangu sijaota meno ya mbele. Wakatazamana, wanawake wawili waliozoea kushinda. "Haya," akasema Mama Zuhura. "Akiharibu, wewe ni shangazi yake, si mteja wangu. Akiweza, nampa kiti." Kupewa kiti pale saluni maana yake ilikuwa wateja wako, jina lako, kazi inayoeleweka. Shangazi akanitazama kwa pembe ya jicho, na nilijua anafikiria nilichokuwa nafikiria mimi: hicho ndicho kitu cha kusema.

Nikaharibu. Nilikwenda dukani kwa Mzee Idrisa, mjini, mzee wa Kiislamu mwenye kofia ya kufuma aliyeuza rasta, shanga na mafuta ya nywele, nikachagua zile nilizodhani ni bora kuliko zote: ndefu, nyeusi tii, laini, zinazometameta chini ya taa ya duka kama maji. Sikuwahi kujinunulia kitu kizuri, na nadhani nilichagua kwa njaa hiyo. Nilishona kofia kutoka kwenye soksi ndefu ya nailoni, nikaivalisha mpira wa Magesa uliokuwa umepasuka, tuliokuwa tumeujaza pumba za mbao, nikasokota dredi na kuzishona, zote nene sawa, zote ndefu sawa. Nilijivunia. Shangazi alipokuja kulijaribu chumbani kwetu, alijitazama kwenye kioo kidogo, akaangalia upande huu na upande ule. Pendo akasema ni zuri. Magesa akasema, "Shangazi, unafanana na farasi." Nikamtandika kofi la mgongo, lakini Shangazi alikuwa ameshaanza kucheka, kile kicheko chake cha sokoni. "Mwanangu, umenivalisha mdoli," akasema, akalivua na kunirudishia kwa upole. Halafu, akiwa anafunga kilemba, cheko lote likamtoka usoni. "Tanga haliko mbali, Mkami."

Mama Zuhura hakunigombeza. Alilishika lile wigi kwa ncha za vidole kama mtu anayenunua samaki asiye na hakika naye. "Ulizichagulia wapi?" "Dukani, Mama." "Dukani wapi? Ndani au nje?" Sikuelewa. "Nywele haichaguliwi ndani ya duka, mwanangu. Ndani kila kitu kizuri. Shangazi yako anauza mchele juani, sasa wewe umemchagulia nywele za kwenye taa." Usiku ule nikawaza rasta kuukuu, zile tunazozifumua vichwani mwa wateja baada ya miezi miwili au mitatu. Zilikuwa zimepoteza mng'ao, zimechoka, zinafanana na nywele za mtu kabisa. Asubuhi nikamwuliza kama naweza kuzichukua, nizifue. Akaniangalia kama nimetukana. "Nywele iliyokaa kichwani kwa mtu ina habari za yule mtu," akasema. "Utamvalisha shangazi yako ndoto za watu? Zile tunachoma, ndiyo maana tunachoma. Katafute mpya iliyochoka."

Nikarudi kwa Mzee Idrisa, na safari hii nikamwomba anionyeshe zile ambazo watu hawazitaki. Akanishushia maboksi kutoka juu mpaka vumbi likamwingia puani. Kila fungu nililitoa nje, nikalishika juani, nikalisugua karibu na sikio, nikalivuta, nikalirudisha. Watu waliokuwa wanapita walisimama kutazama. "Binti," akasema Mzee Idrisa kutoka mlangoni, "unanunua nywele au unachumbia?" Nikamjibu kwamba mume anaweza kuachwa. Alicheka mpaka akakohoa, na baada ya hapo akawa upande wangu. Alinipa kiberiti. "Choma, lakini usinichomee duka." Za kwanza zilidondoka matone kama mshumaa, zikaacha gololi ngumu na harufu ya ndoo iliyoungua, nami nikamwona Shangazi akiinama juu ya jiko lake pale Bunda, nikaziweka kando. Nyingine zilijikunja, zikazimika zenyewe, zikaacha majivu yaliyovunjika mkononi. Chini kabisa ya boksi la mwisho nikazikuta zile zenyewe: zimekunjamana, kavu, hazilii zikisuguliwa, hazirudishi mwanga. Niliziweka juani hazikusema kitu. Zilikaa tu, kama nywele.

Ilibaki rangi. Pale dukani rangi huitwa kwa namba, na watu wote huchukua namba moja, nyeusi kuliko zote. Nilikwenda kusimama sokoni Musoma mchana wa jua kali, nikawatazama watu vichwa vyao mpaka mama mmoja wa ndizi akaniuliza kama nimepoteza mtu. Hakuna mtu aliyekuwa na namba moja kichwani. Waliokuwa na nywele ndefu walikuwa weusi penye mizizi na huko chini wamegeuka rangi ya chai, kwa jua na moshi. Nikachukua namba mbili, nyeusi iliyofifia, kwa wingi, namba nne, ya kahawia, kidogo, na fungu moja jekundujekundu kwa ajili ya ncha. Halafu nikafumba macho nikajikalisha nyuma ya Shangazi kwenye kile kigoda cha utotoni, nikapitisha vidole hewani. Ya kwanza nyuma ya sikio ilikuwa nyembamba. Mbili za kisogoni ziliungana kuwa moja, bapa kama utambi. Hapa mbele palikuwa na mvi. Nikarudi dukani nikaomba na kijivu, kidogo tu, na Mzee Idrisa akasema sasa anaamini kweli nachumbia.

Tulizilowesha kwenye maji yenye siki kuondoa ule utelezi wa kiwandani, tukazianika kwenye kamba ya ua, na jirani akauliza kwa juu ya ukuta, "Wenzetu, mmechinja mnyama gani?" Jioni zile, kabla giza halijaingia, Pendo alishika mpira usizunguke, Magesa akanichambulia mafungu huku akiniuliza maswali ya hesabu niliyokuwa nimeshayasahau, nami nikasokota kati ya viganja na kuvuta nyuzi kwa sindano ya kufumia, moja nene, moja nyembamba, moja imepinda. Sijawahi kuwa na furaha ya kazi kama ile, na sijawahi kuwa na hofu kama ile, vyote katika mikono hiyo hiyo. Shangazi alipokuja akalivaa, hakucheka. Alipeleka mkono juu ya sikio la kushoto, akagusa, akauacha pale. "Mvi umeziweka za nini?" akauliza mwishowe. "Ulikuwa nazo, Shangazi." "Ulikuwa unazionaga?" "Nilikuwa nakaa nyuma yako." Akajitazama tena. "Huyu namjua," akasema. Keshokutwa yake Mama Zuhura alimwambia mteja aliyekuwa anasubiri, bila hata kunitazama, "Mwanangu, kaa kwa Mkami pale, kiti chake kiko wazi."

Ndivyo tulivyokwenda Butiama, na kitu cha kusema mkononi. Ua ulikuwa umefagiwa, wanaume wameketi kwenye vigoda na viti kivulini, wanawake kwenye mikeka, na nyuma palinuka nyama na ugali wa mtama. Shangazi alikuwa amevaa wigi na juu yake kilemba kipya cha kitambaa laini. Nilikuwa nimemwomba aliache Bunda. "Nikae na wanaume wote wale, kitambaa peke yake kikinivuka je?" alinijibu. Baba mdogo Wambura alifungua shauri, akasema yale niliyoyasikia siku ile nyuma ya ukuta, maneno yale yale, ila bila kicheko. Magesa aende Mugeta. Pendo aende Guta. Mimi nijitafutie maisha nikiwa huru. Aliitamka hiyo "huru" kama zawadi. Pendo alinishika sketi kwa nyuma. Shangazi akainuka. "Mimi nina neno," akasema, na aliponyoosha shingo ili sauti ifike, kile kitambaa laini kikateleza, kikaanguka begani, na dredi zote zikamshuka mgongoni mbele ya ukoo mzima.

Nilisikia kuku tu. Baba mdogo alisimama taratibu. "Wegesa," akasema. "Hukunyolewa." "Nilinyolewa." "Na hizo?" "Wigi." "Wigi!" Akawageukia wenzake. "Mawigi tunayaonaga Bunda kila siku, yanang'aa kama kiatu cha askari. Mimi si mtoto." Akamkaribia, akamzunguka, akainama kutazama ncha. "Hizi zimeungua jua. Mvi hizi hapa. Umemzika baba yetu na nywele zako kichwani?" Wanawake wakapaza sauti kwamba walimwona kwa macho yao akinyolewa, akawaambia wanawake hufichana. Nikasimama, jambo ambalo msichana hafanyi, nikasema, "Ni wigi, Baba mdogo. Nimelitengeneza mimi." Hata hakukasirika. "Wewe ndiye uliyekuwa unamsokotea tangu mdogo. Lazima umtetee." Halafu akamwambia Shangazi, kwa sauti ya huzuni kabisa, "Mtu ambaye hakunyolewa hana neno kwenye tanga la baba yake. Kaa chini." Nikaelewa wakati huo kwamba kila nilichojivunia kilikuwa kinatoa ushahidi dhidi yetu. Ningechagua zile zinazometameta, mtoto yeyote angeona ni wigi, na Shangazi angekuwa anaendelea kusema.

Angeweza kukaa. Angeondoka pale na heshima ya mtu anayesingiziwa, na wangegombana miaka mingi, na sisi tungegawanywa jioni ile. Nilijua kilichokuwa chini ya lile wigi, nami nilimtikisia kichwa asifanye. Hakunitazama. Aliinua mikono yote miwili, akalivua kama anayeipua sufuria, akasimama kwenye jua kali la mchana na vinywele vyake vifupi na lile bonde tupu juu ya sikio. "Haya, Wambura. Angalia vizuri," akasema. "Na wewe. Na wewe kule nyuma, usijifanye unatazama ng'ombe. Angalieni wote leo mmalize. Nilinyolewa kwa ajili ya baba yangu. Hili nilivaa kwa ajili ya macho yenu." Akamtupia mikononi. Baba mdogo alilidaka kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mwingine. Akaligeuza. Akaona soksi, akaona uzi wangu, akapitisha kidole kwenye mishono. Mzee mmoja asiye na meno, aliyekuwa amelala nusu ya kikao, akanyoosha mkono. "Lete na mimi nione." Akalitazama, akalinusa, akalivaa juu ya upara wake, akauliza, "Nani sasa ataniambia mimi mzee?" Wanawake walipiga vigelegele vya kicheko, mtu akaangusha bakuli, na Baba mdogo, aliyekuwa anajitahidi kubaki na uso wa msiba, akashindwa. Alicheka mpaka akakaa, akajifuta macho kwa kiganja, na sikujua kama yote yalikuwa ya kicheko.

"Ana kazi, au anafagia?" Baba mdogo akamwuliza Shangazi, alipopata pumzi na kulichukua tena lile wigi kwa yule mzee. "Ana kiti chake." "Kiti." "Kiti, Wambura. Watu wanamngoja yeye kwa foleni. Na hawa watoto wanakula, wanasoma, wamenisaidia kwa mikono yao kutengeneza hicho ulichokishika." Foleni haikuwepo bado, lakini sikuona sababu ya kumkatiza. Baba mdogo alilizungusha lile wigi mikononi. "Mimi namjua ndama wa mtu gizani kwa kumpapasa," akasema, kana kwamba anajisemea. "Na hiki kitu nimekitazama mchana, kwa karibu, nikaapa." Akainua kichwa. "Magesa." "Naam, Baba mdogo." "Unataka ng'ombe au shule?" Magesa alitazama vidole vya miguu yake. "Shule. Ng'ombe likizo." Watu wakacheka tena, na safari hii kilikuwa kicheko chepesi, cha watu wenye njaa wanaosikia chakula kinapakuliwa. "Haya," akasema Baba mdogo. "Watoto wabaki na dada yao. Ila likizo waje Mugeta wote wawili wanywe maziwa. Wamekonda kama furu wa ziwani."

Nimetengeneza mawigi mengi tangu hapo, mengine ya maharusi, mengine ya watu waliougua nywele zikawatoka, na kila ninapotoka nje ya duka na fungu mkononi huwa namfikiria Baba mdogo akimzunguka Shangazi pale uani. Miaka mingi nilimwona kama mtu aliyetaka kunipokonya. Sasa nina umri kama wake wa wakati ule na nadhani naye alikuwa anaogopa, amezika kaka na baba, na alijua njia moja tu ya kuhifadhi kitu, kukiweka zizini. Magesa na Pendo walikwenda kwake kila likizo mpaka walipomaliza shule, na alipofariki walinyolewa kama watoto wake. Shangazi hakulivaa tena lile wigi siku ile. Alikula na wanawake kichwa wazi, jua likimpiga kwenye kovu, na mtoto wa nani sijui akamuuliza hapo pana nini, akamwambia, "Uji. Kwa hiyo wewe ukiambiwa ukae mbali na jiko, kaa mbali." Alipomaliza nyama yake alishusha pumzi ndefu. "Upepo mtamu jamani," akasema. "Miaka yote hiyo nimejinyima."

Tulifika Mwisenge jua likiwa linazama. Nilifungua mlango, tukaingia kwa kunyata, kama vile tungepiga kelele shauri lingebadilika. Pendo alijitupa kitandani na viatu vyake. Magesa alikuwa amebeba mfuko wa salfeti tangu asubuhi, nami kwa hofu zangu sikuwa nimemwuliza una nini. Sasa akaketi kwenye mkeka, akaufungua, akaanza kutoa: mashati yake mawili, kaptula ya shule, sweta, kandambili, madaftari yote, hata kipande chake cha sabuni. Alikuwa amefungasha kila alichokuwa nacho ili nisije nikalazimika kumfungashia mimi. Alivirudisha kimoja kimoja kwenye katoni chini ya kitanda, akivinyoosha kwa kiganja, akinipa mgongo. Nilikoka moto, nikabandika maji ya ugali, nikapima unga wa watu watatu.